Mji Nilioutembea Nimekaa Mkekani

Mwezi uliopita tulimzika Nuru, aliyekuwa na duka la jumla pale Katesh, na jioni ya msiba Saida, mpwa wake, alinishika mkono akanivuta mpaka uani, nyuma ya nyumba ya zamani ya mama yake Nuru, akaniuliza shimo la mtama lilikuwa wapi. Sikuweza kumwonyesha. Yale matope yaliyoshuka kutoka Mlima Hanang yaliipitia nyumba ile kwa upande wa nyuma, na ingawa kuta zimebaki, ua wote umeinuka. Unakanyaga pale ambapo zamani kichwa chako kilikuwa kinapita. Nilitembea kutoka mlango wa jiko, nikasimama, nikasema ni hapa, halafu nikasema hapana, ni pale. Saida alinitazama. Ni mtu mzima sasa, ana kazi yake Nairobi na simu mbili zisizonyamaza, lakini macho aliyonitazama nayo yalikuwa yale ya siku alipoletwa, akiwa mdogo wa kubebwa. Akasema, "Mamdogo, kama hili la hapa limekupotea, lile la kule je?" Nikamwambia lile la kule halijanipotea. Nilijibu haraka mno, na nilipojisikia nikaogopa, maana kule sijawahi kufika. Kule ni Baidoa, mji wa Wasomali, nchi za mbali kupita Kenya. Mimi ni Mwiraqw wa Nambis, nalima mahindi na maharage, na mbali kabisa nilikofika katika maisha yangu ni Arusha, tena nilipelekwa hospitali.

Habari za ukoo wangu sitaziandika hapa. Wanaozijua wanazijua, na wasiozijua hawajapungukiwa na kitu. Nitaandika mwaka mmoja tu, ule nilioishi kwa Mama Nuru, kwa sababu ya jambo lililotokea wiki iliyopita jikoni kwangu. Mimi si mtu wa mizimu. Nasali jumuiya kila wiki na nimewafukuza waganga wawili mlangoni kwangu kwa fimbo. Kwa hiyo anayesoma asidhani nimeketi kumtengenezea hadithi ya kutisha watoto.

Mwaka ule nilikuwa msichana tu, na mwanangu wa kwanza alizaliwa akiwa ameshakufa. Baba yake alikuwa amekwenda machimboni, na kuanzia hapa hatatokea tena. Kwetu zamani msichana wa namna hiyo alitengwa. Tunaita metimani. Padri alihubiri dhidi ya jambo hilo, watu wakaitikia amina, wakarudi nyumbani wakaendelea nalo. Hakuna aliyenitukana, nawatendea haki. Walikaa mbali tu. Nilikuwa siendi kisimani wakati wengine wapo, siombi moto kwa jirani, sinywi kwenye kibuyu cha watu, na mtu akinipa kitu hanipi mkononi. Anakiweka chini, anarudi nyuma, ndipo nakiokota. Iwe hivyo mpaka mwaka uishe na wazee wa kike wanifungue. Vijana wa leo nikiwasimulia wanacheka, wananiambia, bibi, si ungehama? Njaa niliijua na kiboko nilikijua, lakini ule mkono unaoweka sahani chini na kujivuta haraka ulinimaliza. Ilifika mahali nikawa naitazama mikono yangu mwenyewe kwa wasiwasi.

Shangazi yangu ndiye aliyenitoa. Alikuwa akipeleka vitunguu swaumu kwenye mnada wa Katesh, na huko akasikia kuna mama wa Kisomali anatafuta msichana wa kazi. Akaniambia, "Wale ni Waswahili, hawana mambo yetu haya. Huko utapumua." Kwetu Mwislamu yeyote aliitwa Mswahili, hata awe ametoka wapi. Akanionya nisianze kazi kwa kuficha. Kwa hiyo nilipofika nilisimama nje ya kizingiti, kifurushi kichwani, nikamwamkia shikamoo, na alipojibu marahaba na kuniambia niingie, sikuingia. Nikamwambia palepale: mwanangu amekufa, mimi ni mtu wa kutengwa, mwaka wangu haujaisha. Mama Nuru alikuwa mwanamke mwembamba, mrefu, ameketi kwenye mkeka karibu na jiko la mkaa, na alinisikiliza amegeuza sikio kwa sababu macho yake yalikuwa yameanza kufunikwa na utando mweupe. Nilipomaliza akamimina chai ya maziwa yenye iliki, akaninyooshea kikombe.

"Weka chini mama, nitachukua," nikasema.

"Niweke chini kwa nini? Wewe paka?"

"Ni desturi yetu, mama."

"Desturi yenu iliteremka gari Nambis, haikufika hapa. Kikombe kinaniunguza, binti. Pokea."

Nilipokea. Vidole vyake vilikuwa vikavu na vya moto, na viligusa vyangu bila haraka yoyote. Nililia mpaka chai ikaingia chumvi, naye akaniacha nilie, akawa anapuliza mkaa wake.

Ile nyumba naikumbuka kuliko niliyozaliwa. Chumba cha mbele hakikuwa na kiti hata kimoja, ni mikeka na mito, na dirisha lake lilitazama mlima. Chumba cha katikati kilijaa magunia ya sukari na mabunda ya vitenge ya Nuru, unapita ubavu. Jikoni kulikuwa na harufu ya ubani na ya mafuta ya ufuta ambayo iliingia hadi kwenye nywele. Asubuhi tulipika mikate myembamba ya mtama iliyochachushwa, yenye matundumatundu, tunaila na mafuta na sukari. Jioni ugali wa mtama na maziwa ya akina mama wa Kibarabaig waliopita na vibuyu. Ijumaa ilikuwa na kahawa yake, na hiyo nilidhani ni masihara: mbegu nzima za kahawa, hazisagwi, zinakaangwa kwenye samli mpaka zinapasuka, halafu zinatafunwa kama karanga, na samli iliyobaki mnajipaka mikononi na usoni huku mnaombeana dua. Na kila mlo, bila kukosa, alipakua sahani moja zaidi, akaifunika na sahani nyingine, akaiweka karibu na mlango. Ilikuwa ya Ruqia. "Ikiwa ya moto ni yake," aliniambia siku ya kwanza. "Ikipoa ni yako." Kwa hiyo mwaka mzima nilikula chakula cha Ruqia kilichopoa.

Ruqia alikuwa binti yake. Mama Nuru mwenyewe alizaliwa Baidoa, akaolewa na mfanyabiashara wa ng'ombe aliyemleta mpaka huku, Nuru akiwa mgongoni, na Ruqia akaachwa alelewe na bibi yake kule. Alirudi mara moja tu, kumwoza. Halafu vita vikaanza, na njaa nyuma yake, na habari zikakatika. Redio ya Nuru ilitaja jina la mji ule mara kwa mara, na kila ilipotajwa Mama Nuru aliinua mkono tunyamaze, kana kwamba safari hii watasema nyumba kwa nyumba, mtaa kwa mtaa, hadi wafike kwa mwanawe.

Pale uani alichimbisha shimo. Kwao, alisema, mtama hauwekwi ghalani, unawekwa ardhini, na mtu mwenye shimo zuri anaweza kukaa na nafaka yake miaka na panya asijue. Nuru aliona aibu mbele za watu. Alileta vijana wawili kutoka Bashay, nao walipoonyeshwa mahali walimwuliza kwa adabu nani amekufa. Lilikuwa na mdomo mwembamba na tumbo pana, kama chungu. Tulilifukiza moshi, tukalitandika mabua, tukajaza mtama ulioletwa na lori kutoka Balangdalalu, tukalifunika kwa mabua na udongo. Siku ya kulifungua nilikuwa nimeshavua kandambili nishuke, Mama Nuru akanishika sketi. Akaniagiza niwashe kibatari na kukiteremsha kwa kamba. Ilikuwa mchana, jua limesimama, na bado niliuona ule moto vizuri ukishuka, ukiwa mwekundu, kisha mdogo, kisha ukazimika taratibu bila upepo. Nilivuta kamba nikakiwasha tena, nikakiteremsha, kikazimika palepale. "Hewa ya humo haina harufu wala sauti," akasema. "Unashuka unaongea, unafika chini umelala. Kwetu hata mtoto anajua: taa kwanza." Tuliliacha wazi mpaka siku iliyofuata ndipo moto ukakubali kukaa. Na hata hivyo, niliposhuka na kuinua macho, nikamwona Mama Nuru amejiinamia juu ya mdomo wa shimo ananitazama na yale macho yake meupe, nilijisikia vibaya sana.

Sasa habari ya kutembea. Ilianza kama mchezo wa kupoteza muda. Baada ya sala ya alasiri alikaa mkekani chini ya ukingo wa bati, anatazama mlima ambao nadhani aliuona kama kivuli tu, nami nikipepeta mtama karibu naye, akaniambia nifumbe macho nitoke nyumbani kwake. Si nyumba ya Katesh. Nyumba ya kule, yenye mlango wa buluu na pete ya chuma. Nikitoka nageuka kulia, udongo ni mwekundu, unashika miguu. Napita ukuta wa miiba wa jirani. Nafika kwenye kibanda ambamo ngamia aliyefungwa macho anazunguka kinu cha kukamulia ufuta, nasubiri apite, ndipo navuka. Kutoka hapo soko la nafaka, wanawake wameketi nyuma ya vikapu. Kisha ardhi inateremka, kuna mwamba ulioinama, na chini ya mwamba maji yanatoka yenyewe katikati ya mji, wanayaita Isha, watu wanafua na kunywesha punda. Kutoka kwenye maji njia nyingine inapanda hadi nyumba ya Ruqia. Kila siku aliniongezea kipande, na kila siku alinipima kwanza. "Umefika wapi?" Nimefika kwa ngamia. "Umesubiri apite?" Nimesubiri. "Mwamba uko mkono gani?" Nikikosea ananirudisha mlangoni nianze upya. Nuru alichukia mchezo ule. "Mama, mwache dada afue nguo," alisema akipita. Mama yake akamjibu, "Wewe nilikubeba mgongoni, uliona nywele zangu tu. Mimi macho yananiacha. Lazima mmoja nyumbani humu aujue mji."

Nilijifunza kama nilivyojifunza katekisimu, kwa kurudiarudia, bila kufikiri. Lakini mambo ya ajabu yakaanza polepole, na nayaandika kama yalivyotokea. Siku moja Nuru aliingia jikoni akauliza nani amemwaga mafuta ya ufuta. Mafuta yalikuwa yameisha zaidi ya wiki, chupa iko tupu dirishani, nami nilikuwa nimetoka tu mkekani. Harufu ilikuwa kwenye kitenge changu. Siku nyingine, nikiwa napita soko la nafaka macho yamefumba, nilimwambia Mama Nuru kwamba yule fundi cherehani mwenye mguu ulionyooka amenipungia mkono. Akanigeuzia sikio. Kisha akasema, "Sikukwambia habari za huyo."

"Uliniambia, mama."

"Sikukwambia. Nilikuwa nimemsahau." Akacheka, amefurahi sana. "Kumbe yuko hai. Mguu ule alizaliwa nao."

Nilijiambia kwamba alikwisha kunitajia naye amesahau, wazee husahau. Leo mimi mwenyewe ni mzee, na sijui kama ndivyo. Ninachojua ni kwamba kuanzia siku ile nilikuwa nikifumba macho natamani na kuogopa kwa pamoja, na kwamba kule, mitaani, hakuna mtu aliyerudi nyuma aliponiona. Walinipita bega kwa bega. Nilikuwa mtu.

Halafu ikaja siku ya ukungu. Wanaoijua Katesh wanajua mlima ule ukiamua, unateremsha ukungu mchana kweupe, na hata kuku wanaingia ndani. Ua wote ulikuwa umefutika, tumebaki mimi na yeye na mkeka. Nilitembea haraka siku ile, nikapita majini, nikapanda, nikafika kwa Ruqia. Kwa kawaida tuliishia ukutani. Mama Nuru alisema mtu hamwingilii mwenzake nyumbani bila kuitikiwa hodi. Lakini siku ile mlango ulikuwa umeachwa wazi, nikamwambia hivyo, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Nani yuko uani?"

"Hakuna mtu, mama," nikasema. "Shimo liko wazi. Taa iko pembeni yake. Haijawashwa."

Sijui kwa nini nilisema. Hakuwahi kuniambia kama Ruqia ana shimo. Nilisikia mkono wake ukinishika kifundo cha mkono kwa nguvu mpaka kikauma. "Toka humo," akasema. "Rudi. Usifumbue macho huko huko, rudi kwa njia uliyoendea, usikate mkato popote. Sema kwa sauti nikusikie." Nikarudi, nikitaja kila mahali kwa mdomo: majini, mwamba, soko, ngamia, na yule ngamia alikuwa amesimama, sikuhitaji kusubiri, na nikamwambia hivyo pia. Nilipofumbua macho ukungu ulikuwa palepale na Mama Nuru alikuwa amejifunika uso. Hakuniuliza kitu. Jioni ile alipakua sahani ya Ruqia kama kawaida, akaifunika, lakini ilipopoa hakunipa. Alikwenda mwenyewe kuimwaga.

Wiki zikapita, sikuzihesabu, na baadaye nilikataa kuzihesabu kwa makusudi. Kisha mchana mmoja lori la mifugo likamshusha mbele ya duka mtu mrefu mwenye midomo iliyopasuka, na mkononi kabeba mtoto wa kike aliyelala. Alikuwa shemeji yake Ruqia. Walimketisha chumba cha mbele, wakampa maji, majirani wakaanza kuingia, Warangi na Wanyaturu wa maduka ya pembeni, na kwa ajili yao Nuru akawa anatafsiri, sentensi kwa sentensi, mimi nikiwa mlangoni mwa jiko na sinia ya vikombe. Watu wenye bunduki walikuwa wakizunguka mji kutafuta mashimo ya mtama, wakichoma ardhi kwa nondo. Ruqia alikuwa na shimo moja ambalo halijagunduliwa. Mtoto hakuwa amekula. Aliposikia wako mtaa wa pili alilifungua upesi achote hata bakuli moja kabla hawajafika, akashuka. Hapo Nuru alisita, kisha akatafsiri: "Anasema taa ilikuwa pembeni. Hakuwahi kuiwasha." Shemeji yake alipofika ameshachelewa, na hao watu wako mlangoni. Alirudisha udongo juu yake ili wasimvue nguo na kumpora nafaka, akamchukua mtoto, akakimbia. Mama Hadija, jirani yetu Mrangi, akauliza ilikuwa lini. Mtu yule akafikiri, akasema ilikuwa mchana, baada ya mvua za kwanza. Mama Nuru hakunitazama. Niliweka sinia chini.

Nilikwenda kufunga kifurushi changu. Nilikuwa na uhakika, nasema wazi, kwamba ni mimi. Kwetu mtu wa kutengwa akiingia nyumba ya watu kifo kinamfuata unyayo kwa unyayo, na mimi nilikuwa nimeingia hadi uani kwa Ruqia, kwa miguu yangu, mwaka wangu haujaisha. Nilitoka kwa mlango wa jiko. Mama Nuru alikuwa amesimama nje, amemshika yule mtoto kifuani.

"Unakwenda wapi?"

"Nyumbani, mama. Nilikwambia siku ile mimi ni nani."

"Uliniambia. Na mimi nilikwambia nini?" Nikakiweka kifurushi chini. "Kifo kile kilikuwa na njia yake, binti, kilikuwa kinamtafuta Ruqia tangu vita vianze. Wewe ulipita ukaona. Mimi nilikutuma." Akamsogeza mtoto begani. "Hajaoshwa. Hajasaliwa. Amefukiwa kama gunia. Mimi sitafika kule, na Nuru hajui hata mlango ulipo, na huyu bwana amechanganyikiwa, anasema mji wote umekuwa jivu. Njia unayo wewe peke yako. Ukiondoka unaondoka nayo." Kisha akaninyooshea mtoto. "Mikono yangu imechoka. Pokea."

Tangu nizike mwanangu sikuwa nimeshika mtoto. Hakuna mama wa Nambis angeniruhusu. Nilimpokea Saida. Alikuwa mwepesi kuliko debe tupu, na alifumbua macho akanitazama, hakulia. Kifurushi kilibaki pale chini mpaka kuku wakakipanda.

Mwaka wangu ulipoisha nilirudi Nambis kufunguliwa. Wazee wa kike walinipa kibuyu mkononi, nikanywa, wakapiga vigelegele, nami nilitabasamu kwa heshima yao tu, kwani mimi nilishafunguliwa kwa kikombe cha chai na kwa mtoto. Miaka iliyofuata, hata baada ya kuolewa, nilikwenda Katesh kila nilipopata nafasi, na kila nilipofika Mama Nuru aliniketisha mkekani na kunitembeza. Hatukuingia tena kwa Ruqia. Tuliishia ukutani, tukasimama kidogo, tukarudi. Alipofuka kabisa alinifanya nimweleze yeye, na siku yake ya mwisho, Nuru ameshamsomea Yasini, alinishika kidole akauliza, "Umefika wapi?" Nikamwambia nimefika majini. Akasema nipumzike hapo.

Wiki iliyopita Saida alinipigia. Nilikuwa jikoni, nimebandika chai. Sauti ilikuwa inakwenda na kurudi, na nyuma yake kulikuwa na pikipiki na adhana. "Mamdogo, niko Baidoa. Nimesimama Isha." Nikauliza maji yapo? Akasema yapo, si mengi. Kisha akaanza kulia. "Hakuna kitu cha kushika, Mamdogo. Ni maduka ya simu na mabati matupu. Hakuna mtu anayemjua mama yangu. Nimeuliza mpaka nimechoka."

"Usitazame maduka," nikamwambia. "Yape maji mgongo. Tazama miguu yako. Ardhi inapanda?"

"Inapanda."

Nilivuta kigoda nikakaa, nikafumba macho. Nilidhani nitaukuta umechakaa kama mambo mengine kichwani mwangu, lakini mji ulikuwa umekaa unaningoja, mwekundu, hata vivuli viko mahali pake. Nilimpandisha. Nilimwuliza kama kuna mwamba mwingine umetokeza mkono wa kushoto, akasema hakuna, halafu akasema subiri, upo, wameujengea ukuta juu yake. Nilimpitisha njia panda, nilimwambia apuuze barabara pana ashike ile nyembamba, na kila aliponiambia hakuna nilimwambia asogee kidogo, na kikawepo. Mwisho nikamwambia, "Simama. Kulia kwako ni ukuta." Akasema ni geti. Akagonga. Nilisikia sauti ya mama mtu mzima, wakaongea Kisomali kwa muda mrefu, halafu Saida akarudi kwenye simu anaongea kwa kunong'ona. "Anasema kona ya nyuma hawajajenga chochote. Kila mvua udongo unatitia. Wanajaza, unatitia tena. Hawakujua kwa nini."

Walikwenda kuwaita watu wa msikiti. Saida aliiweka simu chini, hapo hapo kwenye udongo, hakuikata, nami niliisikia sala yote. Sijui maneno yake, lakini naijua ninapoisikia. Walipoanza dua ya mwisho mtandao ukakatika, na nikabaki peke yangu ndani ya ule ua, macho yamefumba, shimo liko mbele yangu na taa iko pembeni.

Nilikumbuka alivyonifundisha. Rudi kwa njia uliyoendea, usikate mkato, sema kwa sauti. Nikaanza kurudi. Nikasema, nimetoka mlangoni. Nikasema, nateremka. Kufika kwenye mwamba ule wa pili nikasikia kandambili nyuma yangu, za mtu anayetembea bila haraka, anasimama nikisimama. Sikugeuka. Nilipita majini, nikapita sokoni, na yule fundi cherehani mwenye mguu ulionyooka aliinua kichwa, lakini hakunitazama mimi. Alitazama juu ya bega langu, akamwamkia mtu. Kwa ngamia nilisubiri apite, na yule wa nyuma yangu pia alisubiri. Nikatoka hivyo mpaka Katesh, kwenye ule ua wa zamani kabla matope hayajaufunika, mpaka mkekani, na Mama Nuru alikuwa amegeuza sikio. Akauliza nimefika wapi. Nikamwambia, "Nimefika nyumbani, mama. Sikuja peke yangu."

Nilipofumbua macho chai ilikuwa inafurika motoni na jiko langu lote linanuka ufuta, na mimi sina ufuta, sijawahi kuulima. Niliipua. Nikamimina kikombe changu nikakiweka pembeni, nikamimina cha pili, chenye maziwa mengi, nikageukia mlango na kukinyoosha mkononi. Kiliniunguza vidole. Sikukiweka chini.